Marehemu Amekataa Matairi

Jumapili, 2 Machi

Umekuja? Kumbe njia bado unaijua. Kaa hapo kwanza, usianze kuniuliza hali. Hali yangu ungeijua kama ungekuwa unafika. Kuku niliyekuwekea tangu ulipoaga amezeeka, amekuwa bibi mwenzangu. Sasa siwezi kumchinja, tunaheshimiana. Ulinipa daftari hili ukasema, Bibi, andika kila siku, nikija nitasoma. Basi ndiyo haya. Mwandiko ukikushinda, laumu miguu yako iliyokuwa haiji.

Shule mimi sikukanyaga, unajua. Herufi nilizijulia kwenye ubavu wa matairi ya babu yako, nikimshikia jeki na kumchotea maji ya kutafutia pancha. Wenzangu walianza na A. Mimi nilianza na R, maana iko kwenye kila tairi. Hadi leo R yangu imesimama wima kuliko zote.

Umepiga simu leo. Umesema Jumamosi unakuja kulichukua gari. Moyo ukaruka, halafu ukakaa chini. Umesema kulichukua gari, hukusema kukaa. Kazi yako mpya iko ng'ambo ya mlima, na gari ni lako, babu yako alikuachia kwa mdomo wake kabla kifua hakijamshinda. Jekundu, la viti viwili, la mbio. Limelala chini kiasi kwamba ukikaa ndani unaona visigino vya watu. Aliliokota likiwa bati, akalifufua. Tangu afe, mwaka wa pili huu, liko bandani chini ya turubai.

Umesema matairi yake yamekuwa magumu kama visigino vyangu. Nichague mapya kwa Kipara, mwuza matairi, malipo mmeshayamaliza wewe na yeye, lolote nitakalochagua ni sawa. Wewe ni mke wa fundi matairi, umesema, nakuamini. Yawe ya gari la kasi. Na yawe ya mvua, maana kule kona ya machimbo ya mawe maji husimama barabarani.

Nimesikia. Ila mke mwenzangu, mimi nina mambo mawili moyoni na wewe umetaja moja. La kwanza, ufike salama. La pili, urudi. Si mwakani. Urudi upesi. Kwenye hilo la pili naona hakuna anayenisaidia, basi nitajisaidia.


Jumatatu, 3 Machi

Nimekwenda kwa Kipara. Duka limejaa matairi hadi dari, yeye katikati, kichwa kinang'aa kama rimu iliyopigwa msasa. Nikakaa juu ya tairi la trekta nikamwambia anieleze taratibu kama mtu asiyejua kitu. Akafurahi. Wauza matairi hupenda watu wasiojua kitu.

Akaleta la kwanza. Mpira laini, akanishika kidole akakibonyeza pale. Linashika lami kama mjusi ukutani, akasema. Kosa lake moja: linaisha haraka. Gari la kasi, mpira laini, miezi michache tu limekuwa kipara kama yeye.

Masikio yangu yakasimama. Nikamwuliza, likiisha, mwenye gari anafanyaje. Akasema anarudi dukani. Duka lipi. Hili hapa, saizi hiyo huku hana mwingine. Na mwenye gari akirudi hapa atalala wapi. Akasema hilo hajui, Bibi. Nikasema mimi najua.

Akaleta la pili. Mifereji mirefu ya kutolea maji, mpira mgumu kidogo, linakaa miaka. Nililitazama kama mtu anavyomtazama mkwe asiyemtaka.

Nimechukua yale laini. Akasema, lakini Bibi, mjukuu alitaja mvua, na haya mifereji yake ni michache. Maji yakisimama barabarani hayana pa kupitia, tairi linapanda juu yake na kuteleza kama sahani. Nikamwambia mvua ni za Aprili na huu ni Machi. Nikamwambia pia kwamba nilikuwa kwenye matairi wakati yeye bado anatambaa na kula mchanga. Akaanza kuyapanga. Uzee una faida zake.

Yameletwa kwa mkokoteni, yameegemezwa ukutani bandani. Manne, meusi, yananukia upya. Jirani yangu Redio, yule asiyezimwa, akachungulia juu ya ukuta akasema mbona yana upara kama aliyeyauza. Wivu. Mume wake alikufa hajamiliki zaidi ya baiskeli.


Jumanne, 4 Machi

Sielewi. Nimefungua banda asubuhi nimekuta kila tairi jipya lina mkasi wa chaki. Mistari miwili imekatana, mguu wa kushoto mrefu kuliko wa kulia.

Pengine umesahau, ulikuwa mdogo. Babu yako hakupenda maneno kazini. Alikaa na chaki nyuma ya sikio, na alama zake zilikuwa tatu. Mduara: hili lifungwe. Mkasi: liondoke. Mshale: rudisheni kwa mwenyewe, si letu. Akishaweka alama, hata mteja alie machozi, hafuti.

Na mkasi wake ulikuwa na mguu mrefu wa kushoto.

Nikasema huyu ni Redio. Nikamkuta anaanika nguo, nikamwambia mtu mzima kuchezea chaki ni aibu. Akasema mgongo wake haujainama tangu mwaka jana, hata kiatu anakitupa sakafuni kisha anakifuata. Akaniuliza nina homa. Akasema ninywe maji. Nikamwambia maji anywe yeye, maana mdomo wake ndio unaofanya kazi.

Nimefuta kwa kitambaa kibichi. Chaki imetoka vizuri.

Mchana, jua utosini, nachambua mchele uani, nikasikia ko. Kikapita kimya. Ko. Kifundo cha kidole juu ya mpira. Mlio huo niliusikia miaka yote ya ndoa: anagonga tairi, anainamisha kichwa, anasikiliza kama daktari. Nikajiambia ni panya. Lakini panya hangoji kati ya ko na ko.

Nikafungua. Hakuna mtu. Ila gunia lake, lile alilokuwa akikunja na kupigia goti kwa sababu ya goti lake bovu, gunia ambalo halijatoka msumarini tangu tumzike, lilikuwa sakafuni. Limekunjwa vizuri. Liko mbele ya matairi mapya.

Nimelirudisha msumarini. Mchele imebidi niuchambue upya. Nilikuwa nimetupa mchele nikabakiza mawe.


Jumatano, 5 Machi

Mikasi imerudi. Minene. Aliyechora amekandamiza hadi unga wa chaki umemwagika sakafuni. Babu yako akikasirika ndivyo alivyokandamiza. Sisemi ni yeye. Nasema ndivyo alivyokandamiza.

Kipara amepita kuuliza nataka afunge lini. Nikasema Ijumaa. Akachungulia bandani, akaona mikasi, akauliza nani amenifundisha alama hiyo. Nikasema hakuna. Akaacha chai nusu kikombe akakumbuka ana mteja. Kipara hajawahi kuacha chai.

Sasa nina mpango. Nimechota majivu ya jikoni, nimeyachekecha, nimeyatandaza banda zima, laini kama poda ya mtoto. Nimefunga kufuli, ufunguo nimeuvaa shingoni. Redio ana vidole vya miguu vilivyotawanyika kama vimegombana. Nitavijua hata nikiwa na usingizi. Kesho mtaa mzima utamjua mwenye chaki.


Alhamisi, 6 Machi

Kufuli zima. Ufunguo shingoni. Majivu hayana unyayo hata mmoja. Wa Redio haupo, wa mtu yeyote haupo.

Kuna goti.

Goti moja, mbele ya tairi la kwanza. Na ndani ya goti, kwenye majivu, umechapika mfumo wa gunia, uzi kwa uzi. Halafu goti lile lile mbele ya tairi la pili. Na la tatu. Na la nne. Kati ya goti na goti majivu ni laini kama nilivyoyaacha. Amepiga goti kila mahali na hakutembea popote.

Na mikasi iko pale pale, mguu mrefu kushoto.

Nikageuza ndoo nikaikalia. Nimekaa hadi jua likaingia mlangoni, likatambaa, likafika kwenye lile goti la kwanza. Nalitazama, na nikaona ni kama linanitazama. Sijui nilitaka kukimbia au kuligusa. Nimeligusa. Majivu ya jana, na yalikuwa na joto.

Halafu hasira zikaja, nikashukuru, maana hasira nazijua. Nikamwambia: wewe mwanamume. Mwaka wa pili nalala upande mmoja wa kitanda nakuachia nafasi. Nimekuita. Nimekuwekea kikombe mezani kama mwehu. Hujaleta hata harufu ya tumbaku yako. Leo unakuja kwa ajili ya matairi? Mimi si kitu, matairi ndiyo kitu? Nikamwambia: mtoto akifungiwa hayo matairi yako ya miaka, harudi hapa mpaka anizike. Unataka nizeeke nikipiga soga na kuku?

Halafu ko. Mara moja tu, kwenye tairi, mbele ya macho yangu, na mkono sikuuona.

Enzi zake hiyo ilikuwa maana yake: nimemaliza kusema.

Natoka nje, Redio yuko ukutani, sikio limeganda kama kiraka cha pancha. Kabla jua halijageuka mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba Bibi anaficha mwanamume bandani. Mwuza mkaa ameniuliza kama mgeni anakula vizuri. Nimemjibu hali kitu, ila anachagua sana.

Basi. Mimi nimekaa kwenye ndoa, najua kupatana. Nimerudi kwa Kipara nikamwambia nataka mawili ya babu yako na mawili yangu. Ya mifereji yakae mbele, laini yakae nyuma. Mbele ndiko kunakoona barabara, nyuma kunafuata tu, kama mkokoteni na mwenye kuuvuta. Kipara akafungua mdomo. Nikamwambia aufunge, nami akili ninazo. Nyuma yakiisha utakuja kubadili ya nyuma. Nusu ya mpango ni bora kuliko mpango mzima wenye mkasi.

Mawili yangu yamerudi dukani, mawili yake yameletwa. Majivu nimeyasawazisha tena. Babu yako hawezi kusema sikumsikiliza.


Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Ya Machi. Nani ameiita?

Miduara miwili, mikasi miwili. Ya mifereji yamepewa miduara. Hilo nililitegemea, nilikuwa nimeshaandaa maneno. Lakini nikatazama chini.

Kwenye majivu kuna mstari umechorwa kwa kidole. Unaanza mlangoni, unakuja umenyooka, halafu unapinda. Babu yako alikuwa akimchorea mteja mbishi hivyo hivyo, sakafuni, bila neno. Na hiyo kona niliijua, maana pembeni yake ameweka kokoto, halisi, lundo dogo. Machimbo. Kwenye kona pana kisanduku, ndilo gari. Kimegeuka, mkia umetangulia, pua imebaki nyuma. Kutoka hapo mstari umeacha kupinda. Umetoka barabarani, umekwenda moja kwa moja hadi ukutani, na ukutani umeishia.

Paa la banda linavuja mahali pamoja tu, unapajua. Leo tone lilikuwa linaangukia kwenye kile kisanduku. Halikugusa pengine. Tone. Tone. Kisanduku kilikuwa kinayeyuka mbele yangu, na chini yake pamekuwa peusi.

Nyuma hakufuati tu, mke mwenzangu. Nyuma kukiteleza, kunakuja mbele.

Viatu sikuvaa. Nimekimbia hadi kwa Kipara na mvua yote kichwani, nikamwambia lete mengine mawili kama yale, na spana, sasa hivi. Akasema mkokoteni hautoki kwenye mvua. Nikasema basi yatatoka yenyewe. Tumeyasukuma kwa mikono, yeye lake na mimi langu, yanabingirika katikati ya barabara, langu limenikimbia kwenye mteremko nikawa nalifuata nikiliita kama mbuzi. Redio barazani kwake anatangaza moja kwa moja.

Bandani Kipara aliinama kulegeza nati. Akainuka. Akaniuliza nani amezilegeza. Magurudumu yote manne, nati zimeshatolewa, zimepangwa ndani ya kofia za rimu zilizopinduliwa, kofia moja kwa kila gurudumu. Ufunguo wa kufuli ulikuwa shingoni mwangu, ukanidondokea maji kifuani.

Akatazama chaki. Akaniambia, sauti imeshuka, kwamba mkono huu anaujua, ndio uliomrudishia mali dukani tangu afungue duka, na kwamba siku ya mazishi aliubeba yeye, upande wa kulia wa jeneza. Akaomba kwa heshima zote, Bibi, usimame kati yangu na ile pembe yenye gunia.

Nikasimama. Ametoa matairi ya zamani kwenye rimu kwa vyuma vyake, amepachika mapya, amejaza upepo, mgongo ukutani muda wote, mwepesi kama anayejisaidia kichakani. Alipofika gurudumu la mwisho, spana ilimponyoka. Haikufika sakafuni. Ilikaa pale, usawa wa goti, kiasi cha kuvuta pumzi, halafu ikalala polepole kwenye gunia. Tulitazamana. Akamalizia nati mbili kwa spana nyingine, spana ameiacha hapo hapo, na najua haji kuifuata.

Mlangoni nikamwuliza matairi haya yatakaa muda gani. Akajibu akiwa tayari anatembea. Miaka minne, akasema. Mitano kama anaendesha kama mtu.

Mitano.

Nimeingia tena, nimelitazama gari. Miduara minne inang'aa. Nimeshukuru, kweli nimeshukuru, maana ungekuwa ukutani sasa hivi. Halafu nikalitazama buti la gari. Nimewaza jambo. Silitaji hapa, kuta zina masikio na moja ya kuta hizo ni Redio.


Jumamosi, 8 Machi

Ulikuja. Yale uliyoyaona unayajua, nakuandikia uliyokuwa huyaoni.

Ulipapasa chaki kwenye tairi ukasema inafanana na ya babu. Nikasema chaki ni chaki. Ulicheka ukauliza kwa nini banda lina majivu, nikasema dawa ya siafu. Uliuliza daftari liko wapi, nikasema panya wamelila. Nilikuwa nimelikalia. Ulisema nimekonda, nilikuwa nimenyooka kwa sababu ya daftari.

Ulisema umechelewa, lazima upite mlima kabla mvua haijakaza. Ulinikumbatia hadi mfupa ukalia. Ulinuka mtoto bado, hata na hayo manukato.

Ulipoingia, gari lilizama kidogo upande wako. Ukafunga mlango, ukawasha. Mimi nakupungia.

Halafu likazama upande wa pili.

Taratibu, kama mtu mwenye goti bovu anavyoingia. Mlango wa upande ule haukufunguka. Wewe ulikuwa unanitazama mimi kwenye kioo. Redio alikuwa ukutani kwake, aliona, nikamwona ameona. Mdomo ulibaki wazi na hakikutoka kitu. Hajasema neno hadi jua limetua. Mtaa umepumzika.

Nilirudi bandani. Gunia halikuwepo msumarini, halikuwepo sakafuni.

Nilikaa na simu mapajani. Mvua ilikaza kweli. Nilihesabu nati kuukuu kwenye kofia ya rimu ya zamani, ndizo rozari yangu, sina nyingine. Nilimwambia kuku akinyamaza kidogo nitamlisha vizuri.

Ukapiga. Umefika. Ulikuwa unaongea haraka kama ulipokuwa mdogo na umeanguka. Kona ya machimbo ilikuwa ziwa, umesema, na lori lililokutangulia liligeuka mkia mbele likalala mtaroni, dereva alitoka mzima ameshika kichwa. Na wewe nyuma yake. Umesema ulikanyaga breki na gari likapita hapo taratibu, Bibi, kama limeshikwa mkono. Kisha ukaniuliza kama babu alikuwa akivuta tumbaku ndani ya gari lile. Kwa sababu pale kwenye kona ilinuka, umesema, mpaka ukafungua kioo.

Nikasema hakuvuta humo hata siku moja, alilipenda mno.

Nimelia kidogo. Halafu nimeona kitu kingine. Mke mwenzangu, umenichukulia gari na mume siku moja. Umeniachia kuku.


Jumapili, 9 Machi

Asubuhi nimekwenda bandani. Hakuna gari, hakuna turubai, majivu matupu. Nilisimama nikingoja ko. Sikusikia hata panya. Nilisema habari za asubuhi, nikajisikia mjinga. Nikasema poa, nendeni, kaeni huko. Nikafagia majivu yote hadi mlangoni. Redio alichungulia akaniuliza kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikujua anayo, kama mgeni wangu ameondoka. Nikamjibu ndiyo. Akaniletea bakuli la uji. Sijui nimfanye nini mtu wa namna hiyo.

Haya, sasa nalitaja lile jambo. Umeondoka bila tairi la akiba. Nililitoa kwenye buti Ijumaa jioni, nikalibingirisha hadi chumbani, nikalisukuma chini ya kitanda. Usinipigie kelele. Matairi manne mapya, pancha itoke wapi? Lakini siku utakayofungua buti utalikosa, na ukilikosa utanipigia, na ukinipigia nitasema liko hapa, njoo ulichukue. Mpango huu hauna kosa. Hauna mifereji, hauna mvua, hauna nyuma wala mbele.

Nimeingia chumbani kuhakikisha liko salama.

Lilikuwa limetoka nusu chini ya kitanda. Ubavuni lina mshale mweupe, mpya, unaelekea mlangoni. Rudisheni kwa mwenyewe.

Na kitandani, upande ule ninaouacha wazi, kulikuwa na gunia. Limekunjwa. Shuka chini yake limebonyea.

Sijui amerudi kwa gari gani, maana hilo lako liko huko. Nilishika nguzo ya kitanda. Mdomo ukacheka wenyewe. Nikamwambia, umechelewa. Nikalowesha kitambaa, nikafuta mshale, nikalisukuma tairi chini hadi ukutani.

Nilipotoka kuosha vyombo nikarudi, mshale uko sakafuni, kuanzia kitandani hadi kizingitini. Nimeufuta. Nimepika, nimerudi, uko mlangoni kwa ndani. Nimeufuta. Jioni hii uko juu ya jalada la daftari hili, mwembamba, umekatika katikati, na hapo ulipokatika nimeokota kipande cha chaki. Kidogo kama ukucha wa mtoto. Nimekirudisha pale pale, juu ya gunia, asije akakitafuta.

Sasa nisikilize vizuri. Ukija kuchukua tairi lako, na uje upesi, pita dukani kwanza uniletee chaki. Boksi zima. Nyeupe, za rangi hazipendi. Yake inakwisha, na mimi sijakubali.